Lazaro Wetu wa Shaba

Antwerpen, Jumatano ya Majivu, 24 Februari 1563

Mwanangu Lieven ana miaka arobaini na mitatu, na jana alikwenda kuteleza kwenye barafu ya handaki la maji linalozunguka mji pamoja na vijana walioshiba maandazi na pombe. Amevunjika kifundo cha mkono. Wa kulia, bila shaka. Muunga mifupa alipokivuta, Lieven alilia kama nguruwe anayechinjwa, na sasa amefungwa vibao mpaka karibu na kiwiko.

Naandika haya nyuma ya chapa za picha zilizoharibika, maana zimejaa humu ndani na karatasi ni karatasi. Shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilizipata kwenye mabamba ya shaba ya marehemu mume wangu, mchonga picha za kuchapwa, nikiyasugua tangu nilipoolewa, kwa hiyo atakayesoma asinitafutie makosa. Miaka hamsini nasugua shaba. Hakuna mtu mtaani kwetu anayelainisha bamba kunishinda, na anayebisha alete lake tuliweke kwenye mwanga.

Ijumaa, 26 Februari

Bwana Daems, mchapishaji, amekuja na mchoro kutoka kwa mchoraji mmoja wa Mechelen: Yesu akimfufua Lazaro. Anataka ufufuo mara tatu, wa Lazaro, wa binti Yairo na wa kijana wa Naini. Lazaro lazima awe tayari kwa soko la Pentekoste. Asipokuwa tayari, kazi zote tatu zinakwenda nyumba nyingine.

Lieven alificha mkono chini ya aproni akasema ndiyo, itakuwa tayari. Mimi nilikuwa na samaki wa chumvi mdomoni, ndiyo sababu pekee sikusema kitu.

Bwana Daems alipoondoka nikamuuliza Lieven atachonga kwa kutumia nini, meno? Akasema Josyne ataanza. Josyne ni binti yake, ana miaka kumi na tisa. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajaanza kutembea, nikamlea mimi. Tangu ana miaka kumi na miwili anachonga majani na mawe kwenye mabamba ya baba yake. Basi atachonga majani na mawe, akasema Lieven, na ifikapo Pasaka mkono utakuwa umepona, nyuso na mikono atachonga mwenyewe. Na baada ya soko Josyne anakwenda Lier kwa shangazi yake kushona mashuka, kama ilivyopangwa. Eti karakana si mahali pa msichana kuzeekea. Mimi nimezeekea wapi, sijui.

Josyne alikuwa anautazama mchoro. Anasema kidogo na kutazama sana, na hilo sikulipenda tangu akiwa mtoto. Mtu wa kutazama sana huacha uji ukaungua.

Jumatatu, 1 Machi

Leo tumehamishia mchoro kwenye shaba. Kila mtu wa nyumba hii anajua kwamba kilicho kulia kwenye bamba hutoka kushoto kwenye karatasi. Kwa hiyo mchoro hupakwa mafuta mpaka uonekane upande wa pili, unalazwa kifudifudi juu ya bamba, na sindano inafuata mistari.

Josyne akautazama, akautazama tena. Akauliza kwa nini kwenye mchoro huu Yesu anainua mkono wa kushoto. Nikamwambia watu wa Mechelen wanaanza kunywa asubuhi. Akasema pengine tumsubiri baba. Lieven alikuwa kwa muunga mifupa.

"Geuza mchoro, binti, kama alivyogeuza babu yako," nikamwambia. "Wewe sindano, maswali tuachie wenyewe."

Akaugeuza. Na kwenye shaba ukatokea mkono wa kulia umeinuliwa juu, mzuri, kama inavyompasa Bwana wetu. Nikamwambia umeona?

Alhamisi, 4 Machi

Mvua. Uji wa njegere.

Ijumaa, 5 Machi

Mvua. Uji wa njegere. Lieven hataki kuitazama meza ya kazi. Anakaa karibu na moto, mgongo kwetu, anamwambia binti yake ashike chuma cha kuchongea chini zaidi, azungushe bamba na si mkono, asibonyeze. Anajuaje anabonyeza? Anasema anasikia.

Ijumaa, 12 Machi

Josyne anasema Lazaro wa mchoraji ni mnene mno. Mtu aliyelala kaburini siku nne na kabla ya hapo akaugua hawezi kuwa na mashavu ya mwoka mikate. Nikasema chonga ulichopewa. Akatoka kimya akarudi na Pauwels.

Pauwels ni jirani, anapakia samaki kwenye mapipa bandarini. Alikuwa na homa tangu Krismasi na juzi tu ameanza kusimama. Siku zote nimemhesabu kuwa mvivu, maana hakuna mtu anayeugua kwa raha kama yeye. Josyne akamvua shati, akamfunga shuka, akamkalisha ndani ya hori langu la kukandia unga. Akakaa humo saa mbili mbavu zote nje, akisimulia pipa lililoviringika likaingia mtoni. Nilicheka hadi nikaketi chini. Nimempa mkate na bia. Hori nimelisugua kwa maji ya moto mara tatu.

Jumamosi, 20 Machi

Nimegundua kitu. Marta, dada yake Lazaro, yule aliyemwambia Bwana kwamba ndugu yake ameshaanza kunuka, kwenye bamba, kwa mistari ya sindano bado, ana pua yangu. Ana kidevu changu pia. Ameshika pua kwa vidole viwili na uso umekunjwa kana kwamba anamuuza mtu samaki mbaya.

Nilimkasirikia Josyne mpaka chakula cha mchana. Halafu nikaenda kuangalia tena. Ningesema hivyohivyo hata mimi. Siku nne, jua kali, lazima mtu aseme.

Pasaka, 11 Aprili

Kengele za kanisa la Mama Yetu zimepigwa hadi vikombe vikatetemeka. Mayai, siagi, kondoo kidogo. Pauwels alikuja na mke wake, akala mayai saba, na mke wake akayahesabu kwa sauti.

Baada ya chakula Lieven alifungua vibao. Mkono umekonda kama wa mtoto. Alijaribu kushika kijiko kikaanguka. Akakiokota kwa mkono wa kushoto, akakiweka mezani taratibu, akauelekea ukuta.

"Chonga tu zote," akasema. "Nyuso, mikono, zote."

Masikio ya Josyne yalikuwa mekundu kama figili. Mimi nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa.

Jumanne, 27 Aprili

Jua. Anaimba akichonga. Sauti mbaya kama ya bawaba, na sijamkataza.

Alhamisi, 6 Mei

Uso wa Bwana umekwisha. Sina cha kuandika, nilitazama tu.

Ijumaa, 14 Mei

Afadhali niandike yote.

Leo tulichapa chapa ya kwanza. Wino ulipashwa, nikausugua ndani ya mistari kwa kitambaa, nikapangusa bamba kwa kiganja kama ninavyofanya mimi tu, mara ya mwisho kwa chaki. Josyne akalaza karatasi yenye unyevu, blanketi juu yake, na Pauwels, ambaye sasa ana nguvu na hana adabu, akazungusha mtambo akihema ili tumwone. Lieven alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati safi.

Josyne akainua karatasi kwa pembe mbili. Mungu wangu, ilikuwa nzuri. Mawe yalikuwa mawe. Lazaro alikuwa na mbavu na macho ya mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza kulala. Marta alikuwa mimi. Pauwels akajitazama, akasifu kitovu chake. Kisha akainamisha kichwa upande.

"Huyu Bwana wenu," akasema, "ni mashoto?"

 Nikatazama. Katikati ya karatasi, juu ya vichwa vya watu wote, Yesu alikuwa ameinua mkono wa kushoto kumwita mfu.

Lieven akachukua mchoro wa Mechelen kutoka ukutani akauweka kando ya chapa. Mkono wa kushoto pale, wa kushoto hapa. Akaeleza polepole, kama mtu anayesoma wosia. Mchoraji alikuwa ameugeuza mwenyewe tayari, kurahisisha kazi. Ulitakiwa kulazwa ulivyo. Sisi tukaugeuza mara ya pili. Wakaguzi wa kanisa hawataipitisha. Siku hizi mtu anaweza kuulizwa imani yake kwa sababu ya kidole, sembuse mkono mzima. Na kuchonga bamba jipya ni miezi mitatu, wakati soko ni siku kumi na sita.

"Nilisema majani na mawe," akamaliza.

Josyne alikuwa mweupe kuliko karatasi. "Ni kosa langu, baba."

Nilikuwa nimesimama karibu naye hivi, kiganja changu kimejaa wino. Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye nimemwambia paroko usoni kwamba mahubiri yake ni marefu. Nikaufunga. Nikasema nakwenda kunawa.

Jumamosi, 15 Mei

Sikusema.

Jumapili, 16 Mei

Misa. Sikusema. Josyne amenipa mkate wake wa maziwa kwa sababu anaona sili. Nikaula, na huo ndio uliokuwa mchungu kuliko dawa yoyote.

Jumatatu, 17 Mei

Asubuhi nimemkuta Lieven mezani anaandika kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto. Barua kwa dada yake Lier, aje amchukue Josyne wiki hii, asingoje soko. Josyne alikuwa jikoni anakunja nguo zake. Anazikunja vizuri, ncha kwa ncha. Sikuwahi kuona zinakunjwa vizuri hivyo, na nikafikiri nitakaa na nani mimi.

Nikasema weka kalamu chini. Akasema mama, ngoja nimalize mstari. Nikaichukua kalamu.

"Aliyegeuza mchoro ni mimi," nikamwambia. "Josyne aliuona ule mkono siku ya kwanza. Akauliza. Akataka kukungojea. Mimi nikamfunga mdomo."

Lieven akaisogeza karatasi kando. "Na siku tatu zote hizi?"

"Siku tatu zote hizi nilikuwa mwoga."

Nilidhani atapasuka. Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumboni, hadi akashika mkono wake mbovu. Akasema ameishi miaka arobaini na mitatu akingoja kusikia neno hilo kutoka kwangu, na imekuja siku ambayo hana mkono wa kuliandika ukutani. Kisha akafuta macho. Akasema na yeye alipita kwenye lile bamba kila siku, akaona mkono wa kulia umeinuliwa, akaridhika kama mjinga. Thelathini na mmoja kati ya miaka yake ni ya kazi hii.

Josyne alikuwa ametokea mlangoni na nguo mikononi. Nikamwambia anisamehe. Akasema nilishakusamehe, bibi, ila siku ile ulinikanyaga na mguu pia. Sikumbuki. Inawezekana.

Barua haikupelekwa, lakini pia haikuchomwa. Lieven ameiweka chini ya kopo la wino. Kosa limejulikana ni la nani, bamba bado ni bovu. Bila Lazaro hakuna kazi nyingine, na bila kazi hakuna sababu ya kumweka hapa, anasema. Nimemwambia sababu ninayo mimi. Akasema najua, mama.

Jumanne, 18 Mei

Pauwels alikuja kuomba radhi kwa kuwa na macho. Ili atuchekeshe akaingia tena ndani ya hori la unga, na safari hii, kwa sababu mke wake amemnenepesha, akanasa. Makalio yalikataa kutoka. Akaanza kulia kwa kicheko. Nikamwambia nyamaza, leta mkono, nikamshika kifundo kwa mkono wangu wa kulia, nikaweka mguu ukutani, nikavuta.

"Bibi, usimwachie," Josyne akasema.

Nikasema ni mzito. Akasema usimwachie, na tayari alikuwa na chaki mkononi, anachora mezani kwenyewe. Pauwels nusu ndani nusu nje, mimi nikivuja jasho, na yule mtoto anachora kana kwamba tumelipwa. Nilishika hadi mkono ukafa ganzi.

Halafu akatueleza. Alisema maneno mengi kwa pumzi moja kuliko aliyosema mwaka mzima. Mkono wa kushoto ulioinuliwa ufutwe, uwe kama umefichwa ndani ya vazi, pale juu kuwe na mwamba wa pango tu. Mkono wa kulia, ambao kwenye chapa unaning'inia kando ya kaburi umeshika vazi, usogee upana wa vidole viwili tu, umshike Lazaro kifundo cha mkono. Bwana asisimame kule akiamuru. Ainame amvute.

Lieven aliipeleka chapa dirishani. Akauliza nani atafuta mkono mzima kutoka kwenye shaba iliyochongwa kwa kina hivyo bila kuacha kovu.

Wote wawili wakanigeukia. Ndiyo, wangegeuka kumtazama nani?

Jumatano, 19 Mei

Nimekwangua. Inauma kukwangua kazi nzuri.

Alhamisi, Kupaa kwa Bwana, 20 Mei

Misa, halafu nyundo, Mungu anisamehe. Ukishakwangua, shaba inabaki na shimo, na shimo linakamata wino. Kwa hiyo unapima kwa bikari mahali penyewe nyuma ya bamba, unalaza uso wake juu ya fuawe, unagonga nyuma taratibu mpaka shimo lipande. Ukigonga mno, limekuwa kilima. Lieven alishika bamba kwa mkono wa kushoto na kunihesabia. Hatujafanya kazi pamoja hivi tangu baba yake afe. Ana subira kuliko nilivyomdhania. Au mimi nina kelele kuliko nilivyojidhania.

Ijumaa, 21 Mei

Mkaa na maji. Kusugua.

Jumamosi, 22 Mei

Kusugua. Mabega yangu yananiita kwa jina. Ukipitisha ukucha pale palipokuwa na mkono, hausikii kitu. Lieven alipitisha wake mara tano akitafuta, akanibusu kichwani, kitu ambacho hakukifanya tangu ana miaka tisa.

Jumatano, 26 Mei

Josyne amechonga mkono. Siku tatu kwa vidole vitano. Lieven safari hii alikaa karibu naye, hakusema chini wala juu. Nilimuuliza mbona kimya. Akasema hakuna cha kusema, mama, anaijua kazi.

Ijumaa, 28 Mei

Wakaguzi wamepitisha. Mmoja alicheka alipomwona Marta, mwenzake akamkanyaga.

Bwana Daems alikuja mchana. Akaisimamia chapa karibu na dirisha. Huyu ni mtu ambaye huongea hata akila, lakini alinyamaza hadi nikaanza kuangalia kama anapumua. Akasema hii si ile aliyochora mtu wa Mechelen. Lieven akasema siyo. Bwana Daems akasema ameuza wafufuliwa wengi maishani mwake, na wote wanainuka kama wanaoitwa na karani. Huyu ameshikwa. Hajawahi kuona mkono kama huu.

"Umejifunza lini kuchonga hivi, Lieven?"

Hapo nilijua. Angeweza kusema msimu huu. Bamba lingechukua jina lake, kazi mbili zingekuja, Josyne angekwenda Lier na mashuka yake, na hakuna mtu mtaani angejua. Nilibana meno. Nilikuwa nimejiapia kwamba safari hii sisemi mimi.

Lieven akafungua kitambaa kilichofungwa shingoni, akatoa mkono wa kulia, akauweka mezani mbele ya Bwana Daems. Vidole vitatu havinyooki. Muunga mifupa alituambia wiki mbili zilizopita kwamba havitanyooka.

"Sijajifunza," akasema. "Aliyechonga ni binti yangu. Kila mstari."

Bwana Daems alitazama ule mkono, akamtazama Josyne, ambaye alikuwa anakagua sakafu. Akaniangalia mimi. Nadhani alitambua pua.

Akavuta kiti. Akasema basi kuhusu binti Yairo anatakiwa kuongea na nani humu ndani?

"Na mimi," Josyne akasema. Sauti ilimkwaruza, ikabidi arudie.

Pentekoste, 30 Mei

Watu, matope, filimbi, nguruwe aliyetoroka. Lazaro wetu ametundikwa kwenye kamba mbele ya banda la Bwana Daems. Mwanamke mmoja wa shamba, mwenye vikapu viwili, alisimama pale muda mrefu. Nikamuuliza kama amepotea. Akasema hajui kusoma, ila anaujua ule mkono. Alimzaa mwanawe katikati ya mafuriko na mkunga akamshika yeye mkono vilevile, akamvuta kutoka majini. Akainunua. Aliikunja akaiweka kifuani ndani ya gauni, si kikapuni, nami nikasahau kumwambia kwamba wino haujakauka vizuri.

Pauwels alisimama chini ya picha nusu siku bila shati, akiwaambia wapita njia kwamba ni yeye. Hakuna aliyemwamini. Amenenepa.

Jumanne, 1 Juni

Lieven amechoma barua. Ameandika nyingine, ulimi nje, kwamba Josyne haji, na kwamba dada yake akitaka mashuka yashonwe ayashone. Halafu akakibeba kigoda chake cha kazi kutoka dirishani, mahali alipokaa baba yake na kabla yake babu yake, akakipeleka upande wa mtambo. Anasema atachapa, kuzungusha mtambo hakuhitaji vidole vyote. Josyne alisimama anatazama ile nafasi tupu yenye mwanga, kama mtu aliyekaribishwa kanisani mbele na hajui aketi wapi.

Mimi nimekuwa na bamba jipya tangu jana. Nimelipitisha mkaa, mafuta, chuma, kitambaa, hadi leo mchana linaonyesha meno yangu matatu na dirisha lote nyuma yangu. Miaka hamsini, sijawahi kusugua moja safi hivi.

Nikaliweka mikononi mwake. Akasema bibi, naogopa hata kuligusa.

Nikamwambia keti pale, ulichafue.